Waliopatana Juu ya Mkeka Wetu

Walisema sitaweza. Nawataja bila haya, maana wengi wao leo wananunua mikate kwangu. Wa kwanza ni binami yangu Hilali, mtu wa Darsait hapa Maskati, aliyesimama kwenye chakula cha arusi huko Sib, kidole bado kina halua, akaniambia mbele ya watu: "Wewe Suleimani ni mtu wa tanuri. Diploma ya uhusiano wa kimataifa ya nini? Kwanza tengeneza uhusiano na mashemeji zako." Watu wakacheka mpaka vikombe vya kahawa vikapinduka. Wa pili ni shangazi yangu, bibi mwenye Kiswahili cha Unguja kisicho na doa, ambaye hajawahi kunisamehe kwa kuzaliwa Bujumbura. Yeye alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma: "Mwanangu, nnakuonea huruma. Umri huo ulimi umeshakauka. Kiingereza hakitaingia."

Kiliingia. Nilikuwa nikifunga duka, nanawa unga mikononi, naendesha gari hadi chuoni, nakaa kiti cha mbele kati ya vijana ambao baba zao ni wadogo kwangu. Nilimaliza wa pili. Aliyenipita alikuwa binti asiye na mume, asiye na watoto, wala maduka matatu ya mikate ya kuangalia, kwa hiyo kila mtu apige hesabu yake mwenyewe. Diploma nimeitundika katika duka la Azaiba, juu ya mashine ya kulipia, mahali ambapo mteja hawezi kutoa pesa bila kuiona.

Lakini karibu niiache njiani, na sababu haikuwa Kiingereza.

Jioni moja tulikuwa tunasoma mikataba ya kutoshambuliana, ile ambayo madola jirani ya Ulaya yalitiliana saini katika miaka ya kati ya vita vikuu viwili. Mwalimu alieleza kisa cha Poland. Ilikuwa imekaa baina ya majirani wawili wakubwa wasiopendana, Ujerumani upande mmoja na Urusi ya Kisovieti upande mwingine. Ikatiliana saini na Warusi mwaka 1932, na mwanzoni mwa 1934 ikatiliana na Wajerumani. Kila mmoja aliapa kutomshambulia. Kisha, mwaka 1939, wale majirani wawili wakaketi wenyewe kwa wenyewe, bila Poland, wakaandikiana mkataba wao wa kutoshambuliana, na pamoja na mkataba huo makubaliano ya siri yaliyopitisha mstari katikati ya nchi ya watu. Mwezi wa Septemba, mmoja akaingia kutoka magharibi. Kabla mwezi haujaisha mwingine akaingia kutoka mashariki.

Mwalimu akatuonyesha picha. Maafisa wa majeshi mawili, sare zao za vita hazifanani, wamekutana katika mji usio wao. Wanapeana mikono. Mmoja anatabasamu.

Vijana wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilitoka nje nikatapika kwenye chungu cha maua cha chuo. Mikono ile nilishaiona ikipeana, na nilikuwa nimeitilia maji mimi mwenyewe.

*

Baba yangu, Mzee Seif, alikuwa na tanuri Bujumbura. Babu alikuja kutoka Oman ya ndani akiwa kijana, akaoa huko, akafa huko. Baba alizaliwa kwenye uwanja ule ule wa nyumba aliokuwa akiufagia kila siku: nyumba yetu upande mmoja, chumba cha tanuri upande wa pili, na baina yao ua wenye bomba la maji na kamba ya kuanikia nguo.

Mahali petu paliitwa Katikati. Juu yetu kulikuwa na mtaa mkubwa ambao nitauita Mlimani, na chini yetu mtaa mwingine mkubwa ambao nitauita Bondeni. Majina ya kweli nayaacha. Makabila nayaacha pia, kwa sababu kila ninapoyataja kuna mtu anayetaka kujua nani alianza, na mimi nimechoka na watu wanaotaka kujua nani alianza. Sisi wa Katikati tulikuwa safu fupi ya nyumba: Waarabu wachache kama sisi, Waswahili, fundi wa magari Mkongo aliyeitwa Kasongo, na wajane wawili waliokuwa wakiuza sambusa. Hatukuwa mtaa. Tulikuwa njia ya kupitia.

Siku ya kawaida ilianza kwa harufu ya kuni. Baba alikanda kinyunya pamoja na wapishi wake wawili. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nasambaza mikate kwa baiskeli. Nilianza Mlimani, nikashuka Bondeni, nikarudi jua likiwa halijawa kali. Mama alikuwa na kikombe cha chai tayari, na dada yangu Zuwena alikuwa akinidai mkate uliovunjika, ule usiouzika, kwa sababu alisema ndio mtamu. Katika foleni ya dirishani vijana wa Mlimani na wa Bondeni walisimama pamoja wakitaniana juu ya mpira.

"Nyinyi wa Bondeni goli lenu lina mlango wa nyuma," angesema mmoja.

"Na nyinyi kipa wenu mfugeni, ng'ombe yule," angejibu mwingine.

Baba angegonga dirisha kwa mwiko wake mrefu wa kutolea mikate. "Hapa ni mkate tu. Mpira pelekeni uwanjani."

Ndivyo tulivyoishi.

*

Vita vilipokuja mjini, havikuja kwetu moja kwa moja. Vilipita juu yetu. Mlimani waliirushia Bondeni mawe, kisha chupa za petroli, kisha mabomu ya mkono yaliyotoka nisikojua. Bondeni wakajibu. Anga ya Katikati ilikuwa njia ya vitu vinavyoruka. Foleni ya dirishani ikawa mbili: asubuhi Mlimani, mchana Bondeni. Mkate uliruhusiwa na pande zote, na hiyo ilimfanya baba aamini kwamba sisi pia tumeruhusiwa.

Mama hakuamini. Alizungumza na mwenye boti kule ziwani, mtu wa Kigoma aliyekuwa akibeba watu na mizigo. Tukakubaliana tutaondoka Ijumaa, baada ya swala. Baba alikubali kwa shingo upande. Tulianza kufunga masanduku.

Jumatatu ya wiki ile ile wakaja watu wawili kumwona baba. Mmoja alikuwa Salvatori, mtu wa makamo, aliyekuwa karani kabla ya vita na sasa vijana wa Mlimani walikuwa wakimsikiliza yeye. Mwingine alikuwa kijana wa Bondeni aliyeitwa Mrefu, na alistahili jina. Walikuja pamoja, mlango mmoja. Jambo hilo peke yake lilikuwa ajabu.

"Mzee," Salvatori alisema, "watu wamechoka. Tunataka kupatana. Lakini hawa hawawezi kuja kwetu, na sisi hatuwezi kushuka kwao. Mkeka wako ndio unaofaa."

Baba alivuta ndevu zake. Nilimwona akiongezeka urefu pale pale alipokaa.

"Mkeka wangu ni wenu," alisema.

*

Lazima nieleze desturi, kwa sababu kila kitu kilianguka kupitia desturi.

Kwetu mwenyeji hali pamoja na wageni. Mwenyeji husimama. Hubeba birika na bakuli, huwatilia wageni maji ya kunawa, huongeza wali sinia linapopungua, husema "kuleni, hamjala kitu," na hukaa wageni wakishaondoka, yeye na watoto wake, kula kilichobaki. Anayekaa na wageni wa heshima kama hao ni mtu asiyelelewa. Tulilelewa vizuri sana.

Katikati nzima ilichanga. Huyu mchele, yule mbuzi, wajane wale sambusa zao. Kasongo fundi alileta viti na gogo la kuni. Siku ilipofika tulitandika mikeka uani, tukafukiza ubani. Wakaja wa Mlimani, wakakaa upande wa nyumba. Wakaja wa Bondeni, wakakaa upande wa tanuri. Sisi wenye nyumba, wenye mbuzi, wenye mchele, wote tulikuwa tumesimama. Hapakuwa na mtu mmoja wa Katikati aliyeketi juu ya mkeka. Kasongo peke yake alitaka kukaa, na mjumbe mmoja wa kwetu akamvuta shati: "Wewe, acha wageni wale kwanza."

Mimi nilikuwa na birika. Nilimtilia maji Salvatori, kisha Mrefu, kisha wengine. Nakumbuka kucha zao.

Walizungumza wakila. Hawatashambuliana. Mtu wa huku akikutwa kule atarudishwa mzima. Mlimani watakaa upande wao wa barabara, Bondeni watakaa upande wao wa mtaro.

"Na hapa baina?" aliuliza mmoja wao, akielekeza kidole chini, kwenye mkeka.

Mrefu alicheka, mdomo umejaa. "Hapa ni kwa mzee. Nani atapagusa?"

Wote wakacheka. Baba naye akacheka, sahani ya kachumbari mkononi. Kisha wakasoma Fatiha wale wa dini yetu, na wale Wakristo wakaomba kwa namna yao, wakasimama, wakapeana mikono juu ya masinia matupu.

Walipoondoka tukakaa kula mabaki. Ndipo mama aliposema.

"Baba Suleimani, umewasikia wakitutaja?"

"Wametutaja. Wamesema hapa ni kwangu."

"Hilo ni mzaha. Mimi nauliza katika maneno ya mapatano. Wao wameahidiana wao. Sisi nani ametuahidi?"

Baba alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji ni maji. "Mke wangu, watu huahidiana wakiwa na ugomvi. Sisi hatuna ugomvi na mtu. Tutajwe kwa lipi?"

Ijumaa ile hatukwenda ziwani. Baba alisema ni aibu mtu kuikimbia nyumba ambamo amani imepatikana. Majirani watamwonaje? Waliomsikia wakafungua masanduku yao pia.

*

Zilikuja siku nzuri. Nasema kweli. Foleni ikarudi kuwa moja, hata utani wa mpira ukarudi. Baba aliuza mikate mpaka akaongeza kinyunya. Watu wa pande zote walipompita walimwita mtu wa amani, naye alikuwa akijidai hajasikia ili walirudie.

Mama hakufungua sanduku lake. Lilikaa nyuma ya mlango, limefungwa kamba.

Asubuhi waliyokuja nilikuwa juu ya paa, napigilia bati lililokuwa likivuja. Kutoka pale niliona mtaa wote, juu na chini.

Niliwaona Mlimani wakishuka.

Nikageuka kuwaambia watu wetu wakimbilie Bondeni. Nikawaona Bondeni wakipanda.

Nilidhani wanakuja kupigana. Nilidhani tutafia katikati ya vita vyao, kama nyasi. Nilitega sikio kungoja mlio wa kwanza.

Hawakupigana. Walikutana kwenye kona ya Kasongo.

Wakasalimiana.

Mmoja alimwomba mwenzake kiberiti.

Kisha wakaanza kutembea nyumba hadi nyumba, wana kipande cha mkaa. Mlango huu mstari mmoja. Mlango ule mistari miwili. Hawakubishana hata mara moja. Kila kitu kilikuwa kimeshazungumzwa.

Nilishuka kwa kuruka. Mama alikuwa amemshika Zuwena. Baba alikuwa ameshavuka ua, amesimama kwenye mlango wa tanuri, kanzu imejaa unga, mikono wazi.

"Nyinyi mmekula kwangu," alisema.

"Tumekula, mzee," Mrefu alijibu. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo nisilolisahau. "Mungu akulipe. Sasa toka hapo."

"Sitoki. Mkate wangu uko ndani."

Nilitaka kukimbilia kwake. Mkono ulinishika kutoka nyuma, mkavu, wenye nguvu. Alikuwa Salvatori. Ameingia kwa mlango wa nyuma wa nyumba.

"Njoo na mama yako na mtoto. Upesi."

"Na baba?"

"Upande ule si wangu."

Sikuelewa. Akasema tena, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Nyumba imeangukia kwetu. Tanuri limeangukia kwao. Siwezi kuvuka ua. Tumepatana."

Mstari wao ulipita kwenye kamba yetu ya nguo.

Mama aliita jina la baba. Aliita jina lake lenyewe, Seif, ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Baba aligeuka. Alitikisa kichwa mara moja, kama kusema nendeni, nakuja.

Tukatoka kwa nyuma. Tulipofika barabarani tulisikia.

Sitaandika tulichosikia.

*

Salvatori alitupitisha Mlimani mpaka ziwani, akatembea mbele yetu ili tusiguswe. Mwenye boti alikuwa amepandisha bei na sisi hatukuwa na kitu. Salvatori akalipa nauli ya watu watatu kutoka mfukoni mwake. Akaniambia, "Utanirudishia siku ukipata." Kisha akarudi kwenye nyumba yetu, ambayo sasa ilikuwa yake.

Kasongo alitukuta Kigoma. Alikuwa amejificha chini ya gari bovu. Alituambia baba aliuawa pale pale mlangoni, na wapishi wake wawili ndani, na kwamba siku ile Mlimani na Bondeni hawakurushiana hata jiwe. Walikuwa wameridhika.

Yaliyofuata ni sifa yangu na sitaifupisha kwa unyenyekevu wa uongo. Tulifika Maskati kwa sababu ya jina la babu na watu wachache wa kabila letu waliotukumbuka, au walioona haya kusema hawatukumbuki. Nilianza kwa kubeba magunia ya unga Ruwi. Nililala juu ya magunia hayo. Walinicheka kwa Kiarabu changu, wakanicheka kwa Kiswahili changu cha bara. Mimi nikawa nahesabu makosa ya tanuri la tajiri wangu. Moto wake ulikuwa wa papara, hamira yake ya jana. Nilipofungua duka langu Sib, wateja wake walinifuata bila kuitwa. Kisha Darsait, mtaa wa binami yangu Hilali, na hapo nilichagua kwa makusudi. Kisha Azaiba, duka lenye vioo na viti. Zuwena nilimsomesha, ni mfamasia. Mama nilimjengea chumba chenye mlango wake mwenyewe.

Yote haya niliyafanya mimi. Na bado picha moja ya darasani ilinitoa nje nikitapika.

Nilirudi darasani jioni iliyofuata. Mwalimu, mtu wa makini, alikuwa anafafanua kwamba mikataba ile, hata kama haikudumu, ilikuwa "jaribio la kuleta utulivu." Nikanyoosha mkono. Nilisema mkataba wa majirani wawili wanaochukiana usiangaliwe kwa aliyetia saini. Uangaliwe kwa aliyekaa baina yao. Kama hayumo katika maneno, yumo katika sahani.

"Chanzo chako ni kipi?" mwalimu aliuliza. Alikuwa na haki ya kuuliza.

"Mimi," nilisema. "Nilikuwa nimeshika birika."

Kazi yangu ya mwisho niliandika juu ya hilo. Niliandika kwamba watu husema mikataba ile ya Ulaya ilivunjwa, na wanasikitika kwa kuvunjwa kwake. Ule waliotiliana Wajerumani na Warusi mwaka 1939, juu ya Poland, haukuvunjwa walipoivamia. Ulitekelezwa. Ulivunjwa baadaye, walipomaliza kula. Nilipewa alama za juu kuliko wote kwa kazi ile, yule binti akiwemo.

*

Mwaka jana Otieno, kijana wa Kenya anayesimamia duka langu la Azaiba, alinipigia simu. "Boss, kuna mzee hapa anakuulizia. Anasema mlikuwa majirani huko Burundi. Nimwambie unakuja ama umetoka?"

Nilikuja.

Alikuwa Salvatori, amezeeka na kuwa mwembamba, amevaa koti kwenye joto. Mwanawe wa kike anafanya kazi Maskati, naye mzee alikuwa amekuja kumtembelea. Alisimama, akanikumbatia kabla sijajua la kufanya.

"Sule! Tazama ulivyokuwa mtu mkubwa! Hata diploma!" Alikuwa ameshaisoma. "Baba yako angefurahi. Mtu mzuri yule. Na ile pilau! Mpaka leo sijala pilau kama ile."

Nilikaa mbele yake.

"Alizikwa wapi?" nilimuuliza.

Alikoroga chai. "Katika shimo la majivu, nyuma ya tanuri. Yeye na wale wapishi. Mrefu ndiye aliyeagiza. Baadaye pakamwagwa zege. Sasa ni mahali pa kuoshea magari."

"Mlikubaliana lini? Kuhusu Katikati."

"Pale pale. Ukiwa unatutilia maji." Alisema bila haya na bila ubaya, mzee anayekumbuka mambo ya zamani. "Si kwa maneno mengi. Tulitazamana tu. Mrefu aliuliza kwa macho, nami nikajibu kwa macho. Mambo mengine tukayamaliza njiani."

Labda aliona kitu usoni mwangu, kwa sababu aliinua kidole kama karani aliyekuwa.

"Lakini usiseme tulivunja ahadi, Sule. Watu husema hivyo na si kweli. Sisi na Bondeni hatukupigana tena mpaka vita vilipokwisha. Hata siku moja. Mitaa mingine ya mji ilishindwa, sisi tuliweza. Tuliheshimu."

Nimesoma vitabu vingi kwa ajili ya diploma ile. Hakuna kilichoeleza vizuri hivyo.

Nilikwenda kwenye mashine ya kulipia. Wote walionikopesha katika maisha haya nilikuwa nimeshawalipa: wazee wa kabila waliotoa tiketi, yule tajiri wa Ruwi, hata Hilali aliyenikopesha ada ya muhula wa kwanza akiamini nitashindwa na atapata la kusimulia. Alibaki huyu. Nilichukua nauli ya watu watatu wa boti, nikaongeza kwa miaka iliyopita, nikaiweka mbele ya kikombe chake.

"Ya nini hii?"

"Nauli ya ziwani. Ulisema nikipata."

"Ah, mwanangu! Sisi majirani. Nilisahau kitambo."

"Mimi sikusahau. Chukua."

Aliisukuma kwangu. Niliirudisha. Alitazama huku na huku. Wateja walikuwa wanatutazama. Mwishowe alicheka, akaikunja, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Alisema Mungu anibariki. Sikuitikia amin. Otieno alimfungulia mlango.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ametoka kuswali alasiri, bado yuko juu ya mswala. Nilimweleza kila kitu, la shimo la majivu na la zege. Alilia kidogo, bila sauti. Alisema sasa angalau anajua aelekeze wapi Yasini yake. Alisema baba hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyelelewa, na malezi yale yale yalimfikisha pale mlangoni. Alisema amekaa miaka akijaribu kuamua kama amlaumu, na ameshindwa, na amechoka kujaribu.

Kisha akauliza, "Umemlipa?"

"Nimemlipa."

"Amepokea?"

"Amepokea."

Ndipo nilipofahamu jambo ambalo nilikuwa nalo nyumbani miaka yote bila kuliona. Mama alikuwa akimwapiza Mrefu kwa jina kila baada ya swala. Salvatori hakuwahi kumtia katika maapizo hayo. Nilidhani amemsamehe.

"Alinivushia watoto wangu," alisema, "na nauli yake ilikuwa bado shingoni mwangu. Mtu huwezi kuomba mabaya juu ya anayekudai."

Akaweka sawa ushungi wake, akageuka tena kuelekea kibla, akainua mikono.